Mwaka Tuliosikiliza Redio kwa Ma Advera

Kwenye mazishi ya Shangazi Leokadia, kijana aliyesoma wasifu alisema kwamba katika maisha yake yote marehemu hakuwa na adui hata mmoja, na mimi nikainama nikajifanya natafuta leso, maana kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, kwenye mkeka wa wanawake wa ukoo, mahali ambapo huwezi kucheka bila kijiji kizima kukuona. Wanaoandika wasifu siku hizi ni vijana wa mjini, na hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Niliishi na Shangazi mwaka mmoja pale Kamachumu, nikiwa binti wa miaka kumi na mitano, na mwaka huo adui alikuwa naye, tena hakukaa mbali. Alikaa upande wa pili wa miramula, ile mimea tunayoipanda kuonyesha kibanja cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi, na moshi wa jiko lake ulikuwa ukiingia jikoni kwetu bila kuomba ruhusa. Jina lake Ma Advera. Siku ya mazishi alikuwa nyuma yangu, kikongwe aliyepinda mgongo, akilia kwa sauti kuliko sisi wa damu. Nimesharudi nyumbani kwangu Bukoba mjini, na bado najaribu kuupanga mwaka ule kichwani ueleweke. Haupangiki. Nitausimulia hivyo hivyo ulivyo.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Ijuganyondo na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nilikuwa nakaa tu nyumbani nikisubiri mtu mzima mmoja aniambie maisha yangu yanaelekea wapi, na siku moja nikaambiwa nifunge nguo zangu, naenda Kamachumu kumchangamsha Shangazi. Hakuna aliyenieleza mtu anachangamshwaje. Nilijua tu kwamba Asimwe, mtoto wake wa pekee, alikuwa amefariki katika mvua zilizopita akiwa hajaanza hata shule, na kwamba mume wake alikuwa mpishi Mwanza, anakuja nyumbani kwa nadra. Nilifika nikapewa kitanda cha Asimwe. Kilikuwa kifupi, miguu yangu ikawa inaning'inia nje kuanzia kwenye goti, lakini sikuthubutu kusema. Ukutani juu ya kitanda kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kikombe cha bati cha rangi ya bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Shangazi akaniambia kikombe kile nisikiguse hata kwa kukifuta vumbi. Kisha akanikaribisha chakula, akafungua majani ya mgomba, ndizi na maharage vikatoa mvuke, na akagawa mafungu matatu. Tulikuwa wawili. Tulikula mafungu yetu, lile la tatu likapoa mbele yetu, na alipomaliza akaliondoa, akampelekea mbuzi. Jambo hilo liliendelea kila siku kwa miezi, na mimi sikujua kama nikilila fungu lile nitakuwa nimemchangamsha au nimemuua kabisa.

Sheria ya pili ya nyumba ile nilipewa asubuhi iliyofuata. "Chochote cha upande ule," Shangazi akasema, akinyoosha kidevu kuelekea kwenye miramula, "usikile, usikiguse, usikisalimie." Nikauliza kwa nini. Akasema watoto wa mjini wana maswali. Sababu niliipata kwa kusikiliza, kama tulivyozipata sababu zote enzi zile. Shangazi na mama mmoja wa jumuiya walikuwa wanamenya ndizi uani, na mimi niko ndani natandika majani mabichi sakafuni. Nikasikia Shangazi anasema: "Alimwita hapo mpakani akampa ndizi ya kuchoma. Mchana ule ule. Jua linazama, mwanangu ameanza kuhara, na hakusimama tena." Yule mama akasema, "Waitu, na bado anapokea komunyo!" Shangazi akajibu, "Anapokea. Na mimi napokea nyuma yake." Nikabaki na majani mikononi. Nilikuwa nimewaona Jumapili, kweli, mstari mmoja, mbele Ma Advera na nyuma Shangazi, wote macho chini, na nilidhani ni wanawake wawili wachaji Mungu tu.

Kilichonitesa zaidi yalikuwa magoti yangu. Sisi tumelelewa kumpigia magoti mkubwa tukimsalimia, na magoti hayo hayasubiri amri. Nilipokutana na Ma Advera kwenye njia ya chemchemi, mimi nateremka na kibuyu, yeye anapanda na mtungi kichwani, magoti yakaanza kukunjika yenyewe huku mdomo nimeubana nisivunje sheria. Nikasimama hapo katikati, sijachuchumaa wala sijasimama. Ma Advera akanitazama, akaitikia salamu ambayo sikuitoa, tena yote, kwa utaratibu, na kuniulizia wazazi wangu, akapita zake. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye pengo mbele na sauti ya chini. Nilimtafuta mchawi ndani ya uso ule nikamkosa, na kumkosa kukanitia hofu kuliko kumpata.

Huo ulikuwa mwaka kijiji chetu kilipoanza kuitwa cha ujamaa. Sehemu nyingine watu walihamishwa na nyumba zao. Kwetu migomba na mibuni haihamishiki, kwa hiyo tulibaki palepale tukaongezewa jina na mikutano. Mojawapo ya mambo yaliyokuja na mikutano hiyo ni kisomo cha afya cha redioni. Kila nyumba kumi ziwe darasa moja, zikusanyike mara moja kwa wiki mahali palipo na redio, wasikilize somo, msomaji awasomee kitabu, wajadiliane, kisha watoke wakatende walichojifunza. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Ta Byabato, alikuja mwenyewe kumwarifu Shangazi, akasimama mlangoni kofia mkononi. Redio katika nyumba kumi zetu ilikuwa moja, na ilikuwa kwa Ma Advera.

"Mimi siingii nyumba ile," Shangazi akasema.

"Ma Leokadia, mimi sichagui majirani," akajibu. "Nahesabu milango tu. Mlango wako umo."

"Basi uhesabu mlango, mwenye mlango abaki ndani."

Ta Byabato akanigeukia mimi. "Na huyu ndiye amemaliza la saba? Atakuwa msomaji wetu. Hatuna mwingine." Nikatazama chini. Jumatano ilipofika Shangazi akafunga kitambaa chake kizuri cha kichwani akanifuata. Wengine walisema aliogopa serikali. Mimi nilidhani alikuja kunilinda nisirogwe. Yeye mwenyewe, nilipomuuliza tukiwa wazee wote wawili, alisema alitaka kusikia redio tu, na akacheka, na sikuamini.

Sebule ya Ma Advera naiona hata sasa nikifumba macho. Viti vya wanaume vilipangwa ukutani chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, wanawake tukakaa chini kwenye majani, na redio ikakaa peke yake juu ya stuli, imevishwa kitambaa kilichofumwa maua. Ilitoa joto na harufu ya betri. Mwalimu wa redioni alizungumza Kiswahili cha mbio, cha watu waliokulia pwani, na kila baada ya maneno machache wazee walinigeukia mimi niwaambie amesema nini kwa Kihaya. Nusu yake nami sikuielewa. Kwenye somo la kwanza alieleza habari za vijidudu vinavyoleta magonjwa, vidogo hata macho hayavioni. Mzee mmoja akaomba kuuliza. Akataka kujua, vijidudu visivyoonekana vina tofauti gani na uchawi, maana nao hauonekani, na nao unaua. Ta Byabato akasema tofauti ipo. Mzee akasema anaisubiri. Ta Byabato akanitazama, mimi nikatazama kitabu, kitabu hakikuwa na jibu, tukaimba wimbo wa taifa tukatawanyika.

Kabla ya somo Ma Advera alipitisha kahawa. Simaanishi ya kunywa. Kwetu mgeni anakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na viungo zikakaushwa na maganda yake, zinawekwa kwenye kikapu kidogo cha kusuka. Mwenye nyumba anachukua punje yake kwanza, anaitafuna huku wageni wanamwona, ndipo anapitisha. Ni adabu ya zamani, mgeni ajue kwamba hakuna kilichotiwa humo. Ma Advera alitafuna ya kwake bila haraka, akapitisha, kila mtu akachukua. Kikapu kikafika kwa Shangazi. Shangazi ambaye nyumbani alitafuna kahawa tangu asubuhi mpaka anapolala, akakipokea kwa mikono miwili, akakipitisha kwangu bila kuchukua hata punje. Chumba kizima kilitazama redio ambayo ilikuwa haijawashwa. Sasa kikapu kipo mikononi mwangu, Shangazi kulia, mwenye nyumba mbele, na mimi nisiyejua aibu ipi ni kubwa kuliko nyingine, nikachukua punje moja nikaibana shavuni. Tuliporudi nyumbani nilikaa uani namenya ndizi huku nasubiri kufa. Nilijipima paji la uso. Nilisikiliza tumbo. Nilisali sala zote nilizozijua, na za Kilatini ambazo sikujua maana yake. Jioni nilikula chakula changu chote, na kutokufa kwangu kukanichanganya kuliko ambavyo kifo kingefanya.

Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki. Tulijifunza habari za mbu, tukafyeka. Tulijifunza habari za choo, wanaume wakachimba huku wananung'unika. Shangazi hakukosa somo, na nilianza kuona kitu ambacho sikukitarajia: alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakujua kusoma, lakini kilichosemwa wiki iliyopita alikirudia neno kwa neno, na watu walipobishana walimgeukia yeye. Ma Advera naye alikuwa wa kuuliza. Ikawa mmoja anauliza, mwingine anakumbuka jibu, lakini alilitoa akimtazama Ta Byabato, na aliyeuliza akalipokea akimtazama Ta Byabato pia, masikini mzee wa watu akawa anageuzageuza shingo. Watu walikuwa wameshaanza kutabasamu. Mimi nami nilitabasamu, nikadhani labda kumchangamsha ndiko huku.

Kisha likaja somo la maji. Nilisoma ukurasa ule kwa sauti yangu ya shule, bila kufikiri, kama nilivyosoma mingine. Maji ya chemchemi isiyojengewa, yanayopitiwa na ng'ombe na kuchafuliwa na mvua, yanabeba vijidudu vya kuhara. Mtoto mdogo anaweza kuharisha akapoteza maji mwilini akafa kwa siku chache. Yachemsheni. Nikafasiri kwa Kihaya, nikafunga kitabu. Chemchemi yetu sote tuliijua, na mvua zile tulizikumbuka, jinsi tope la machungani lilivyokuwa likiteremkia humo. Watu wa viti na watu wa majani, wote waligundua kwa pamoja ni nani yuko chumbani. Ta Byabato akakohoa, akasema tuhamie somo linalofuata.

"Bado," Shangazi akasema. Ndiyo mara ya kwanza alimtazama Ma Advera usoni ndani ya nyumba ile. Lakini swali lake alinipa mimi. "Omwana, soma tena hapo pa siku chache."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo haikuwa ndizi," akasema.

Niliona shingo zinalegea chumbani, niliona mama mmoja anampiga Ma Advera bega kama mtu anayempongeza, na nami nilifurahi, nakiri, nilifurahi kwa moyo wangu wote. Nilidhani tumemaliza. Mchawi amekwisha, majirani watasalimiana, magoti yangu yatapata raha. Nikamgeukia Ma Advera nimwone anavyofurahi, na nikamkuta amefunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikamgeukia Shangazi. Alikuwa ametulia kabisa, anatazama mikono yake miwili. "Maji nilimpa mimi," akasema, pole pole, kama anayerudia somo. "Alisema ana kiu, nikampa. Kila alipoharisha akasema ana kiu, nikampa tena." Akanyanyuka, akapita katikati ya watu, akaenda nyumbani.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi, sasa nimestaafu. Watu wanapenda kuamini nilikwenda kusomea kazi hiyo kwa sababu ya somo lile, na kwenye sherehe yangu ya kustaafu mtu mmoja alisema hivyo kwenye kipaza sauti. Ukweli ni kwamba somo lile nusura linifanye nichukie elimu yote. Nimekaa na kina mama wengi kwenye mabenchi ya zahanati, nikawaeleza yale yale, yachemsheni, na sijawahi kumaliza sentensi ile bila kumwona Shangazi anatazama mikono yake. Ni kweli na lazima isemwe. Lakini mpaka leo sijajua isemweje kwa mama ambaye ameshachelewa, na wakubwa wangu kazini hawakujua, na vitabu vyao havikujua.

Baada ya siku ile Shangazi alilala. Hakuwa mgonjwa. Aligeukia ukuta tu. Kahawa ilikuwa imeiva, wengine wanachuma, yetu ikawa inaanguka chini ya mibuni. Nilipika mimi, nikagawa mafungu matatu kwa kuwa ndivyo nilivyozoea, na yote matatu yakaenda kwa mbuzi. Jumatano Ta Byabato alikuja kumwita, akamjibu kutoka kitandani, akiwa amempa mgongo: "Mlikuwa mmeniachia mchawi. Nikiamka namlaani, nikilala namlaani, siku inakwisha. Sasa mmemchukua. Heri mngeniachia mchawi wangu." Ta Byabato akavaa kofia yake akaondoka. Kisha Shangazi akaniita mimi. Akasema amewaza, na nirudi kwetu Ijuganyondo, basi likipita. "Kwangu watoto hawakai," akasema. "Sitaki ukae hapa kunywa kitu mkononi mwangu." Nikatoka nje nikalia nyuma ya zizi la mbuzi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kazi moja niliyotumwa, na kwa sababu nilikuwa nampenda, jambo ambalo sikuwa nimelijua mpaka hapo. Sikutaka kuondoka. Kwetu hakuna aliyekuwa ananisubiri kwa lolote.

Nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa Ma Advera alipovuka miramula. Alikuja mchana kweupe, wote wakimwona, sufuria kichwani na mwanzi wa kukorogea mkononi. Mimi magoti yakaenda chini yenyewe na safari hii mdomo ukafuata. Akaniuliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia kipo. Akaingia mpaka chumbani kwa Shangazi, akakaa sakafuni kwenye majani, akasema kwa sauti yake ile ya chini: "Ma Leokadia, lile somo la maji sikulielewa. Ulitoka kabla hatujajadiliana, na wewe ndiye tunayekutegemea kukumbuka. Yanachemshwa mpaka yaweje?" Ukuta haukujibu. "Mwanamke mmoja anasema mpaka yatoe mvuke. Ta Byabato anasema mpaka yaimbe. Mimi nimechemsha jana, watoto wamekataa, yananuka maharage. Au niyatie chumvi?"

"Chumvi ya nini?" Shangazi akasema, bado anatazama ukuta. "Redio ilisema chumvi?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

"Haikusema chumvi. Sufuria ya maharage huwezi kuichemshia maji, utafikiri mtoto mdogo!" Akageuka. Nywele zilikuwa zimesimama, uso umevimba. "Omwana, lete kitabu."

Mpaka leo najiuliza kama Ma Advera kweli hakuelewa. Alikuwa mtu mwenye akili, na kuchemsha maji si jambo la kumshinda mwanamke aliyezaa mara sita. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Wewe ulielewa?" Ninachojua ni kwamba walihamia jikoni kwetu, wakakaa kwenye vigoda pande mbili za moto, mimi katikati na kitabu, nao wakajifunza. Nilisoma mstari, wakabishana. Mapovu madogo ndiyo, au makubwa? Yafunikwe au yaachwe wazi? Yakipoa yanarudiwa na vijidudu au vimeshakufa vyote? Ma Advera alirudi kesho yake, na kesho kutwa yake. Walijaribu chungu, yakanuka udongo. Walijaribu kuyachuja kwa kitambaa. Basi likapita, nami nikiwa na kitabu mkononi, na hakuna aliyelitaja.

Katikati ya mojawapo ya masomo hayo Ma Advera akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye moto: "Mimi nami nilimpa wangu maji haya." Shangazi akamtazama. "Yule wa kabla ya huyu mdogo. Alihara, akafa. Ulikuwa umembeba juzi yake, ulikuja kuniona nikiwa nimejifungua. Miaka yote nimekuwa nikisema moyoni, Leokadia ana jicho baya."

Nilishika kitabu kwa nguvu. Nilidhani sufuria itaruka.

"Ulidhani ni mimi?" Shangazi akauliza.

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

"Na bado ukampa mwanangu ndizi?"

"Mtoto alikuwa ananiita mae, kama mama yake," Ma Advera akasema. "Ningemnyima kwa sababu yako?"

Ikamtoka Shangazi sauti ambayo sikujua ni kilio au kicheko, na Ma Advera akaidaka, wakawa wanafanya hivyo wote wawili, wameshikana mikono juu ya moto mpaka nikaogopa kanga zitaungua, machozi yanawatiririka, mmoja anasema "Mimi!" na mwingine anasema "Wewe!" na kuanza upya. Nilikaa nikiwatazama. Nilikuwa na umri wa kumaliza shule na sikuwa nimewahi kuona watu wakubwa hivyo, na sikujua kama niende kuita mtu. Maji yakachemka yakamwagikia moto, ukazimika nusu, na ndipo walipoacha.

Wanaume waliijengea chemchemi mawe kabla ya mvua, wanawake tukibeba kokoto kutoka mtoni, na Shangazi akiwa mbele akiwaelekeza kila kitu kama redio ilivyosema. Lakini kabla ya hapo, siku ile ile ya kicheko, maji yalipopoa, aliingia chumbani akarudi na kikombe cha bluu. Alikifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akakijaza, akakaa nacho kitambo. Kisha akanipa mimi. "Kunywa," akasema. Yalinuka moshi, na yalikuwa bado na uvuguvugu, na niliyanywa yote mpaka chini, huku wote wawili wakinitazama koo. Jioni ile aligawa mafungu mawili.

Na Jumatano iliyofuata, kwenye darasa, Ma Advera alipotoa kikapu cha kahawa, Shangazi alinyoosha mkono akachukua punje kabla mwenye nyumba hajatafuna ya kwake. Aliitia mdomoni hapo hapo. Watu wachache waliona. Baadaye nilijiuliza sana kama alisahau adabu kwa sababu ya hamu, maana alipenda kahawa mno, au kama alijua anachokifanya. Niliondoka Kamachumu mwaka ulipokwisha, nikaenda kwenye mafunzo, na swali hilo sikuwahi kumuuliza. Kila nilipokuja likizo kulikuwa na watu, au kulikuwa na kazi, au niliona haya.

Juzi, tulipotoka makaburini, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kama binti wa marehemu, ilinipasa kuwakaribisha wageni. Nilichukua kikapu chake cha kahawa, kile kile, kimekuwa cheusi kwa mikono, nikaanza na mkubwa kuliko wote. Ma Advera alikuwa amekalishwa kwenye kiti pembeni mwa dirisha, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee. Nikapiga magoti mbele yake, kwa shida, maana magoti yangu nayo si yale. Nikachukua punje yangu nipate kuonja kwanza, kama inavyopasa, na kabla haijafika mdomoni akanishika mkono.

"Unafanya nini, Koku?"

"Naonja, mae. Ndipo nikukaribishe."

"Katika nyumba hii mimi sionjewi," akasema, akaichukua ile punje vidoleni mwangu, akaanza kuitafuna kwa ufizi.